Jinsi ya kupanga muziki wa sikukuu wakati ndugu hamkubaliani kisiasa

Mi naanzaga wiki moja kabla, nampigia kila ndugu simu namuuliza swali moja tu, ulipokuwa na miaka 15 hivi ulikuwa unapenda wimbo gani. Usiulize wa sasa. Nyimbo tulizosikia kati ya miaka 10 na 30 ndo huwa zinashika sana kichwani, na mtu akisikia wake anaanza kuhadithia mwenyewe, alikuwa wapi, na nani, nani alimwacha, na anayehadithia hana muda wa kubishana kuhusu chama.

Afu zichanganye, wa bibi ufuatwe na wa mjukuu, ukiweka za wazee zote mwanzo vijana watatoka nje na simu zao. Nyimbo za kampeni toa kabisa hata kama ni tamu.

Sauti iwe ya chini, hili watu wanalipuuza lakini spika ikipiga kelele kila mtu anapaza sauti ili asikike na hapo hata salamu inageuka ugomvi.

Siasa ikiingia, na itaingia tu, usimkatize mtu wala usiongeze muziki kumfunika, hiyo ni dharau. Muulize hilo jambo limemgusaje yeye kwenye maisha yake ya kila siku. Mjomba wangu nilipomuuliza hivyo alinyamaza kwanza, afu akatuambia alivyopoteza kazi, na tulikuwa tumebishana naye miaka na miaka bila kujua.

Sikukuu ikiisha mtumie kila mtu orodha nzima ya nyimbo.