Somo: Mchaichai wa kupendezesha uwanja

Wengi hupanda mchaichai nyuma ya jiko kwa ajili ya chai, basi. Mimi nasema mahali pake ni mbele, kando ya njia ya kuingilia, upepo wa jioni uuinamishe wageni wakiona.

Anza na kichaka cha jirani. Mchaichai hutoa maua kwa nadra sana, kwa hiyo usihangaike kutafuta mbegu. Chimbua kipande, kipasue kwa mkono upate machipukizi mawili matatu yaliyoshikana na yenye mizizi. Tazama kitako chake: kiwe cheupe na kigumu, na ukikikwaruza kwa ukucha kinukie limau. Kilicholegea, tupa. Punguza majani yabaki kama sm 15, maana mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kulisha majani marefu.

Panda mvua zikianza, penye jua na pasipotuama maji, udongo ukiuchanganya na samadi iliyooza. Acha sm 60 hadi 90 kati ya shina na shina. Utaona pako wazi mno. Vumilia, kichaka hufika mita moja na zaidi. Wiki za mwanzo udongo usikauke.

Kazi yenyewe sasa ni kugawa. Baada ya miaka miwili au mitatu kichaka hukauka katikati, kikabaki kama kiota kilichohamwa. Ng'oa chote, chukua machipukizi ya pembeni, panda upya. Wanaouonea huruma wakaacha kuung'oa ndio wanaoupoteza. Vaa glavu na shati la mikono mirefu, ukingo wa jani hukata kama wembe.

Maswali ya wanachama

*Majani ya kwangu yana madoa ya hudhurungi, kama chuma chenye kutu.*
Ni ugonjwa wa kutu, unaletwa na kuvu. Kata majani yenye madoa uyachome, wala usiyatupe shinani. Mwagilia chini asubuhi, usilowanishe majani. Kama vichaka vimebanana, vitenganishe.

*Nikiupanda dirishani, mbu watakimbia?*
Hapana, ndugu yangu. Yanayofukuza mbu ni mafuta yaliyo ndani ya jani, nayo hayatoki vya kutosha mpaka lipondwe. Chandarua usikitoe.

*Mimi ni mpangaji, sina uwanja. Ndoo inafaa?*
Inafaa sana. Tafuta ya lita 20, itoboe chini, weka kokoto kisha udongo. Ila humo utagawa kila mwaka, na kiangazi utamwagilia karibu kila siku.