Nusu debe la mtoto: kuzuia udumavu katika nyumba yenye chakula

Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 57 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Njombe na Rukwa ni kama 50, ilhali wastani wa nchi ni 30. Hii ndiyo mikoa inayopakia mahindi, maharage na viazi kwenda Dar es Salaam. Ghala limejaa, bakuli la mtoto limepungukiwa, na marekebisho mengi yanawezekana nyumbani.

Anza na kipimo. Mizani ya kliniki peke yake haionyeshi udumavu: mtoto anayeshindia uji mweupe anaweza kuwa na mashavu na uzito wa kuridhisha huku urefu wake ukiwa nyuma ya umri. Omba apimwe urefu pia. Aliye chini ya miaka miwili hulazwa kwenye ubao, miguu imenyooshwa. Aliyevuka hapo husimama bila viatu. Akifurukuta, apimwe upya, kwani sentimita mbili tu zinaweza kubadili jibu. Kazi kubwa ni ya siku 1,000, tangu mimba inapotunga hadi mtoto atimize miaka miwili. Baada ya hapo urefu uliopotea hurudi kwa shida. Kwa hiyo mjamzito awahi kliniki, ameze vidonge vya madini chuma na foliki kila siku, na aongeze mlo mmoja.

Maharage yakishapigwa, tenga ya mtoto kabla dalali hajafika. Gramu 30 kwa siku ni kilo 11 kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya nusu debe. Yafungie kwenye chombo chake na baba ajue si ya kuuza. Mayai nayo: trei moja inamtosha mwezi mzima kwa yai moja kila siku. Kuuza trei nzima ili kununua sembe na soda ni hasara, hata kama fedha imeonekana mkononi.

Sasa unga. Ule wa "lishe" wenye mahindi, mchele, ngano, mtama na uwele unasifiwa kuliko unavyostahili. Hizo zote ni nafaka, hivyo umeongeza wanga juu ya wanga. Karanga zikisagwa humo na kukaa wiki kadhaa, mafuta yake huchacha, na zikiwa na ukungu zinaleta sumukuvu. Soya mbichi ni mbaya zaidi, maana huzuia tumbo kusaga protini. Chukua nafaka moja, ulezi au dona, vipimo 4, na soya iliyoandaliwa kipimo 1. Karanga twanga siku ya kupika. Soya huandaliwa hivi: ichambue, itie kwenye maji yanayotokota tayari, ichemke dakika 30, mwaga maji, sugua maganda yatoke, anika ikauke kabisa, kaanga bila mafuta mpaka ibadilike rangi kidogo, ndipo usage.

Kosa linalorudiwa karibu kila nyumba ni uji mwepesi. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba takriban mililita 240 kwa mlo mmoja. Ukilijaza maji, ameshiba na hajala. Uji uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko ukikiinamisha. Mtoto akishindwa kuumeza, usiongeze maji, tumia kimea, kilekile wanachokijua wapika komoni, pombe ya kienyeji. Loweka ulezi saa 12, uchuje, uufunike kwa gunia bichi siku 2 au 3, ukinyunyizia maji. Ukichipua, anika, fikicha na kupepeta mizizi, kisha saga. Epua uji mzito, uache upoe kidogo, koroga kimea kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe, subiri dakika 10. Utalegea wenyewe. Ukitia kimea uji ukiwa bado unatokota, hautalegea. Ukishalegea, rudisha jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu. Mtama usiutumie kwa kimea hiki: chipukizi zake zina sianidi.

Hadi miezi 6 ni maziwa ya mama pekee, hata maji hapana. Kwa kikombe cha mililita 250:

- Miezi 6–8: vijiko 2 hadi 3 vya chakula, ukipanda taratibu hadi nusu kikombe, mara 2–3 kwa siku.
- Miezi 9–11: nusu kikombe, mara 3–4.
- Miezi 12–23: robo tatu hadi kikombe kizima, mara 3–4, na kitafunwa kimoja au viwili katikati.

Kunyonya kunaendelea muda wote huo. Kwenye uji au viazi vilivyopondwa ongeza kijiko cha unga wa usipa, dagaa wa Kyela (utoe mchanga, kaanga bila mafuta, twanga), au parachichi. Yale madogo ambayo mnunuzi wa Rungwe au Njombe ameyakataa yana mafuta yaleyale. Chai asipewe, hasa pamoja na chakula, kwa sababu huzuia madini chuma. Waachieni wakubwa chai ya Mufindi. Na ulanzi, pombe ya mianzi, hata ule mtamu wa asubuhi, si kinywaji cha mtoto.

Msimu wa kupalilia ndio mgumu. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto kaachwa na dada wa miaka minane na sufuria ya uji uliopoa. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa 2 bila kuwa cha moto ni chanzo cha kuhara. Acha ndizi mbivu, parachichi na yai la kuchemsha lenye ganda, au wenye watoto wapokezane zamu, mmoja akibaki kupika.

Akiharisha, mpe ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), pamoja na zinki. Zinki ni kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi 6. Usisimamishe chakula. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili, maana hapo ndipo hufidia alichopoteza.