SOMO: Bwawa la mchanga kwenye mto wa msimu (someni kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila wiki naulizwa swali lile lile: mto wetu hukauka Agosti, tujenge ukuta vipi? Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa. Ninayoeleza ni ya huku Ukambani, Kenya, ambako vikundi vya mwethya (majirani wanaosaidiana kazi) vimejenga kuta hizi kwa miaka, na Kitui pekee shirika la SASOL limesaidia kujenga mamia.

Ukuta huu hauzuii maji, unazuia mchanga. Mchanga ukijaa nyuma yake, maji hukaa kati ya chembe, jua haliyafikii, na mengine hunywea kingoni na kuinua maji ya visima vya karibu.

1. Sajilini kikundi. Wenye mashamba kingo zote mbili waweke sahihi.

2. Vibali: anzeni na WRUA (chama cha watumiaji maji) ya eneo lenu, kisha Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) na NEMA, mamlaka ya mazingira. Mchoro utoke kwa mhandisi, si kwa fundi wa nyumba.

3. Mahali: mto mwembamba, kingo za juu, usiwe kwenye kona. Gongeni chuma kirefu mchangani kwa nyundo, kutoka ukingo hadi ukingo. Kinapogota karibu ndipo pa ukuta. Kinapozama sana upande wa juu ndipo maji yatakapokaa. Mwamba wenye nyufa uacheni.

4. Chimbeni msingi hadi mwamba mzima, usugueni, jengeni kwa mawe na saruji, seng'enge katikati. Mbawa za ukuta ziingie ndani kabisa ya kingo, la sivyo mafuriko yatazunguka na mto utahama.

5. Kimo. Hapa kikundi chetu kiliharibu. Tulipandisha ukuta wote kabla ya mvua za Oktoba, tukapiga picha na chifu. Mafuriko yalipofika yakatulia nyuma ya ukuta, na maji yakitulia tope hushuka. Tukapata udongo laini kama uji. Ukichimba kisima humo maji yanachuruzika taratibu, mtu anaacha mtungi anaenda zake. Kwa hiyo sehemu ya katikati, panapopita mafuriko, ipandisheni kidogo kidogo, kama sentimita 30 kila mara. Mchanga mzito utabaki, tope litapita juu. Ngojeni mchanga ufike usawa wa juu ya ukuta ndipo mwongeze.

ONYO: msiongeze kimo kwa sababu mfadhili anataka kufunga hesabu za mwaka. ONYO la pili: kama mashamba ya juu yako wazi, chimbeni matuta ya fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu) kwanza, maana tope linatoka huko.

Kabla ya yote pimeni mchanga wenu. Jazeni ndoo ya lita 20 kwa mchanga mkavu wa mto, mimineni maji mkihesabu lita hadi yatokeze juu, kisha toboeni chini mpime yanayotoka. Mchanga wa chembe kubwa utawapa lita 5 au zaidi. Udongo laini hunywa maji mengi na kurudisha kidogo sana.

6. Mafuriko yanapoangukia baada ya kuruka ukuta, pangeni mawe makubwa. Kingoni pandeni nyasi za napia.

7. Kuteka: kisima cha pampu ya mkono ukingoni. Mwisho.

MASWALI

Kijana wa Mwingi: Mkuu, ukuta mmoja ni pesa ngapi?
Jibu: Upana? Kimo? Mwamba uko futi ngapi? Hatua ya 3.

Kijana wa Mwingi: Nipe tu makadirio.
Jibu: Sina.

Mama Tano: Sisi tulijengewa wote kwa mara moja na mchanga ukajaa vizuri. Usitishe watu.
Jibu: Sitishi mtu, mama. Wengi huku hujenga mara moja, na mto ukitoka kwenye vilima vya mawe hubeba mchanga mtupu. Wetu unatoka mashambani. Ndiyo maana nimesema pimeni ndoo.

Mgogo Halisi: Shikamoo mkuu. Niko Dodoma, mito yetu nayo ni ya mchanga na watu huchimba visima humo. Nitajuaje kama maji yatakuwa na chumvi? Na kibali huku ni kwa nani?
Jibu: Marahaba. Umeuliza vizuri. Pandeni mto mkitazama mawe: ng'ombe wakiyalamba, kuna chumvi, hameni hapo. Kisha mwisho wa kiangazi, si baada ya mvua, nendeni kwenye vile visima muonje na mpime kina. Kisima chenye maji matamu wakati huo kimewaonyesha mahali bure. Mikuyu mibichi kingoni pia ni dalili nzuri. Kibali ni bodi ya maji ya bonde lenu. Ukikwama kwenye kupima ndoo niandikie.

Kyalo K: Mchanga ukijaa malori yanakuja usiku kuuiba. Hilo hukulisema.
Jibu: Kweli. Makueni tuna sheria ya mchanga ya 2015, lakini askari hawalali mtoni. Kilichosaidia kwetu ni mitaro na mawe kwenye njia ya kushukia.

Mama Tano: Na napia mbuzi wataimaliza.
Jibu: Ya kukata na kupeleka zizini hiyo. Wachungieni mbali na ukingo.

Kijana wa Mwingi: Tumegonga chuma leo. Futi 4 katikati, 11 upande wa juu.
Jibu: Sasa tunaongea. Tuma upana wa mto na picha za kingo zote mbili.