Buti la ngozi lisiingize maji: likaushe vizuri kwanza, nta baadaye

Buti likiingiza maji tu, mtu wa kwanza kutafutwa ni muuza dawa ya kupaka. Mimi nasema tuanzie kwingine kabisa, tuanzie kwenye kukausha, kwa sababu mabuti mazuri ya ngozi yanayoharibikia huku kwetu Moshi mengi yanaharibiwa na moto, sio mvua. Mtu ametoka mlimani au shambani Kibosho kalowa, anaweka buti pembeni ya jiko la mkaa, asubuhi linakauka kweli, anafurahi, baada ya wiki chache linapasuka pale vidole vinapokunjia na lawama zote anapewa aliyemuuzia.

Kinachotokea ni hivi. Ngozi inakuwa laini kwa sababu ya mafuta yaliyomo ndani yake, ikilowa chapachapa halafu ikakaushwa kwa nguvu nyuzi zake zinashikana, inasinyaa, inakuwa ngumu kama gome, na ngozi mbichi kwa maji haihimili joto kama ngozi kavu, hilo watu wengi hawalijui. Ufa ukishatokea pale kwenye mkunjo hata uukandike nta kilo nzima maji yatapita tu.

Sasa namna ya kukausha. Toa kamba zote, toa na ile soli ya ndani inayochomoka, fungua ulimi wa buti mpaka mwisho hewa iingie. Jaza magazeti mpaka kwenye vidole ila usishindilie sana likatanuka, baada ya saa moja au mbili yatakuwa yamelowa, toa weka mengine, rudia mpaka uone yanatoka makavu. Lilaze ubavu au liegemeze, soli nayo ipate hewa, mahali penye kivuli na upepo. Itachukua siku moja mpaka mbili, hali ya hewa ikiwa ya baridi hata zaidi, na hapo hamna njia ya mkato, sio jiko, sio drai ya nywele, sio juu ya bati saa saba mchana. Gundi ya soli nayo haipendi joto, ndo maana mabuti mengi yanayowekwa karibu na moto yanaachama mdomo.

Na kwa wanaopanda Kilimanjaro hili sio suala la urembo. Njia ya Marangu siku ya kwanza yote unatembea msituni mpaka kambi ya Mandara, mita 2,720, na msitu ule ndo wenye mvua na tope, ukilowa pale ukafika kambi ya Horombo mita 3,720 baridi hairuhusu buti kukauka, unafika kambi ya Kibo mita 4,720 bado bichi, halafu usiku ule ule unaanza kwenda kileleni mita 5,895 kwenye baridi ya kugandisha maji. Mguu uliolowa kwenye baridi hiyo unaweza kupoteza vidole. Waongozaji wengi vifaa vyao viko vizuri, ninaowafikiria zaidi ni wapagazi, kijana ana buti la mtumba la soko la Memorial na mzigo mgongoni, kwa hiyo kazi ya kulizuia maji aifanye nyumbani kabla hajapanda, huko juu hakuna cha kufanya zaidi ya magazeti na soksi kavu.

Kabla ya kupaka chochote safisha. Tope liache likauke kidogo, gonga mabuti yenyewe kwa yenyewe, piga brashi, kwenye mishono tumia mswaki wa zamani maana mchanga uliokaa pale unakata uzi kila unapotembea. Kisha kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ukiona mafuta au uchafu mgumu weka tone la sabuni ya maji ya vyombo kwenye kitambaa, sio kwenye buti. Sabuni ya unga achana nayo, ni kali kwa ngozi, inaikausha. Walioko Tanga, Dar, Mombasa, ukipita maji ya bahari utaona mistari myeupe ya chumvi, futa na maji uliyochanganya na siki nyeupe kidogo kisha futa tena kwa maji matupu, chumvi isibaki.

Nta. Nta ya nyuki ndo rafiki wa ngozi na sisi hatuna shida ya kuipata, Tabora na mikoa ya jirani wanaitoa kwa wingi, waulize wauza asali, uhakikishe ni nta kweli maana mishumaa ya dukani ni kitu kingine, inakakamaa na kubanduka. Nta peke yake ni ngumu kupaka, inatakiwa mafuta ya kuilainisha, mimi naamini mafuta ya nyonyo kuliko yote, ni mazito, yanaingia kwenye ngozi na hayaozi haraka. Vipimo vyangu ni nta gramu 100 kwa mafuta ya nyonyo gramu 200, ukitaka iwe laini zaidi ongeza mafuta. Usiyeyushe nta moja kwa moja kwenye moto, inashika moto kirahisi, weka kwenye kopo, kopo liwe ndani ya sufuria yenye maji ya moto, nta inayeyuka kwenye nyuzi sitini na kitu hivi kwa hiyo maji hayahitaji hata kuchemka. Ikishayeyuka mimina mafuta, koroga, acha igande kwenye kopo la bati lenye kifuniko, itakaa muda mrefu sana.

Watu huuliza kuhusu mafuta ya kupikia. Ya alizeti hapana, yanaoza na kunata, vumbi linashika. Ya nazi ngozi inayanywa vizuri lakini kwenye joto la pwani yanabaki maji maji, hayazuii kitu. Mafuta ya mnyama wazee walitumia na yanafanya kazi, shida panya na harufu. Oili chafu ya gari na dizeli naomba kabisa msipake, vinakula gundi na uzi na vinaingia mpaka kwenye ngozi ya mguu. Mafuta ya mgando ya kujipaka kama umebanwa sio mabaya, ila hayakai. Dawa ya viatu ile ya kopo, yenye nta, inasaidia kidogo na inang'arisha, lakini ile ya maji ya kichupa chenye sponji ni rangi tu juu juu, ukiirudia rudia inajenga ganda linalopasuka na kuzuia mafuta kuingia.

Kupaka sasa. Buti liwe kavu kabisa ndani na nje, ukipaka nta juu ya ngozi yenye unyevu umefungia maji humo ndani na ukungu utakuja. Liweke kwenye jua la asubuhi dakika chache lipate uvuguvugu tu, chota nta kwa vidole, joto la mkono linaisaidia kuingia, paka nyembamba. Halafu hapa ndo penyewe: mishono. Maji mara nyingi hayapiti katikati ya ngozi, yanapita kwenye matundu ya sindano, kwenye kiungo cha ngozi na soli, na pale ulimi ulipounganishwa pembeni, kwa hiyo humo usiwe mchoyo, sukumia kwa mswaki mpaka uone matundu yamejaa. Acha usiku kucha, asubuhi futa iliyobaki juu, piga brashi, kama ngozi ilikuwa kavu sana paka tena mkono wa pili mwembamba. Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mnene unaoziba kila kitu na kushika vumbi.

Rangi itakuwa nyeusi zaidi ya mwanzo, hilo lijue mapema, jaribu kwanza kwenye ulimi. Kama ni ngozi yenye vinyweleo laini juu (suede) usipake nta, vitalala vyote na kuwa kama imemwagikiwa mafuta, hiyo tafuta dawa ya kupuliza yenye silikoni. Na mabuti yale yenye utando ndani kama Gore-Tex paka kidogo tu, ukikandika sana jasho halitoki na mguu utalowa kutokea ndani.

Utajuaje nta imeisha? Dondoshea tone la maji, likikaa kama duara na kuteleza uko sawa, likiingia na kuacha doa jeusi ni muda wa kupaka tena. Msimu wa masika kwa mtu anayetembea kila siku inaweza kuwa kila baada ya wiki mbili tatu, kiangazi unasahau kabisa.

Kwa wanunuzi wa mitumba kuna kitu kimoja nta haiwezi kukisaidia. Mabuti mengi ya mlimani yana tabaka laini la poliyurethani kati ya soli na ngozi, lile linaoza lenyewe kwa unyevu wa hewa kadiri miaka inavyoenda hata kama buti limekaa tu kabatini, kwa nje linaonekana jipya, unalivaa siku mbili soli inamomonyoka vipande vipande njiani. Kabla ya kulipa bonyeza tabaka hilo kwa kucha, likunje buti kwa nguvu, ukiona nyufa ndogo ndogo au unga unatoka, rudisha hata kama ngozi inang'aa vipi. Lenye soli iliyoshonwa kwa uzi kuzunguka pembeni ndo zuri zaidi, fundi viatu anaweza kulibadilishia soli na ngozi ikaendelea kuishi.

Ukiliweka muda mrefu usilifungie kwenye mfuko wa nailoni, magazeti ndani, mahali pa hewa, na ukungu ukitokea ufutie nje ya nyumba kwa kitambaa chenye siki, ulianike kivulini, kisha ndo urudishe mafuta.