Somo: Kupanga rilei za mkondo kwenye fida ya kilovolti 11 ili ikate breka moja tu

Rilei hupima mkondo na kuiamuru breka ikate; fida ni laini inayotoka kituoni kwenda kwa wateja. Dalili ya mpangilio mbovu inajulikana: tawi la mti limegusa waya kilomita 15 huko porini, halafu kituo kizima cha kupoza umeme kinazimika. Chanzo chake mara nyingi ni TMS (kizidishi cha muda wa rilei) iliyonakiliwa kutoka kituo kingine. Tupige hesabu kwa mfano mmoja mwanzo hadi mwisho.

Mtandao: transfoma ya 33/11 kV, MVA 5, Dyn11 (upande wa 33 kV umeungwa delta, wa 11 kV nyota), impedansi (ukinzani kwa mkondo) asilimia 7. Fida ina mzigo wa juu wa A 140, nyaya zake zina impedansi ya 0.3 + j0.35 Ω kwa kilomita. Kilomita ya 8 kuna rikloza nguzoni (breka inayojifunga tena yenyewe baada ya kukata), na laini inaishia kilomita ya 20. Gridi ya nyuma tuichukulie kuwa na nguvu isiyo na kikomo, maana hapo ndipo mkondo wa hitilafu unakuwa mkubwa kuliko wote na pengo la muda linabana.

1. Tafuta mikondo ya hitilafu kwanza. Transfoma peke yake ni 0.07 × 11² ÷ 5 = Ω 1.69. Gawa volti 6,351 kwa impedansi ya jumla ya kila sehemu:
- basibaa ya 11 kV (fito za kituoni zinazogawia fida umeme): A 3,750
- kwenye rikloza: A 1,247
- mwisho wa laini: A 601 kwa fazi tatu, A 520 kwa fazi mbili

Usiruke ile ya fazi mbili mwisho wa laini. Ndiyo inayokuambia kama rilei itaona hitilafu au italala.

2. Weka viwango vya kuanzia, yaani mkondo ambao rilei ikiuona inaanza kuhesabu muda. Rikloza A 100. Rilei ya fida A 180 (CT, yaani transfoma ya kupimia mkondo, 200/1 kwa 0.9), yaani karibu mara 1.3 ya mzigo. Breka kuu ya 11 kV A 320, kwa sababu mkondo kamili wa transfoma ni A 262. Upande wa 33 kV A 120. Hitilafu ya A 520 ni mara 2.9 ya kiwango cha fida, kwa hiyo rikloza ikigoma fida bado itakata, kwa takriban sekunde 1.1.

3. Anza mbali, rudi kituoni. Mkunjo wa kawaida wa IEC (shirika la viwango vya umeme vya kimataifa), ambapo I ni mkondo wa hitilafu na Is ni kiwango cha kuanzia, ni:

t = TMS × 0.14 ÷ ((I/Is)^0.02 − 1)

Rikloza yenye TMS 0.1 hukata A 1,247 kwa sekunde 0.27. Kati ya rilei mbili za kidijitali acha sekunde 0.3: humo mna muda wa breka kufunguka, makosa ya rilei zote mbili na ya CT, na akiba kidogo. Kama moja ni ya zamani ya sahani inayozunguka, acha 0.4, kwa kuwa sahani huendelea kuzunguka kidogo hata mkondo ukishakatika.

Kwa hiyo fida inatakiwa ikate A 1,247 si chini ya sekunde 0.57. TMS inatoka 0.161; panda hadi 0.17, upate 0.60. Ukishuka hadi 0.16 umekula akiba yako mwenyewe.

4. Breka kuu pangilia kwenye A 3,750, si A 1,247. Fida na breka kuu hukutana kwenye hitilafu iliyo mlangoni mwa kituo. Hapo fida hukata kwa 0.38. Breka kuu ikipewa TMS 0.25 inakata kwa 0.69.

5. Upande wa 33 kV ndipo wengi huteleza. Kwa fazi tatu, A 3,750 huonekana kama A 1,250 upande wa juu, na TMS 0.35 inatoa sekunde 1.02. Pengo ni 0.33, mtu anafunga daftari. Lakini kwenye Dyn11 hitilafu ya fazi mbili hubadilisha sura: upande wa 11 kV mkondo hushuka hadi A 3,247, wakati fazi moja ya upande wa 33 kV bado inabeba A 1,250 ileile. Breka kuu inachelewa hadi 0.74, pengo linabaki 0.28. Weka 0.36, hapo pengo ni 0.31.

Ukatizi wa papo hapo upande wa 33 kV: 1.3 × 1,250 = A 1,625. Hautaona hitilafu za 11 kV.

MASWALI

Mkuu, kwa nini nisiweke ukatizi wa papo hapo kwenye fida pia?
Weka, ila juu ya kile kinachoonekana kwenye rikloza: 1.3 × 1,247, yaani A 1,620. Utalinda kama kilomita 5 za kwanza. Kama fida ina transfoma nyingi, mkondo wa kuziwasha zote kwa pamoja unaweza kuufyatua. Tumia kizuizi cha hamoniki ya pili (huitambua mkondo wa kuwasha transfoma na kuizuia rilei isikate) kama rilei inacho.

Mipangilio ni sahihi kwenye karatasi, lakini hitilafu ikiwa karibu na kituo fida na breka kuu zinaanguka pamoja. Shida nini?
Soma kibandiko cha CT. 200/1 ya 5P10 inahakikishiwa usahihi hadi mara 10 ya 200, yaani A 2,000 tu, kwa mzigo wake kamili. Juu ya hapo inaweza kushiba, rilei ya fida ikaona mkondo mdogo na kuchelewa. 5P20 inafika A 4,000. CT ikiwa nzima, pima muda halisi wa breka kufunguka; grisi iliyokauka hula akiba yote.

Waya umeanguka kwenye mchanga mkavu, hakuna kilichokata. Nishushe TMS?
TMS haihusiki, fundi. Mchanga mkavu unaweza kupitisha ampea chache tu, na rilei ya ardhi iliyowekwa asilimia 20 ya CT 200/1 inasubiri A 40. Unahitaji rilei nyeti ya ardhi yenye CT inayozunguka fazi zote tatu, iwekwe ampea chache na muda maalumu wa sekunde kadhaa. Hata hivyo zipo hitilafu za aina hiyo ambazo nayo haitaziona, kwa hiyo wananchi wakipiga simu kuhusu waya chini, zima fida kwanza, uliza baadaye.

Rilei ya ardhi ya 33 kV nayo niipangie pengo na ya 11 kV?
Hapana. Delta haipitishi mkondo wa ardhi wa upande wa 11 kV. Iache iwe ya haraka.