Makao makuu yameshaamua? Namna ya kushika mashauriano ya kupunguzwa kazi kwenye kampuni ya kigeni Tanzania

Kampuni zenye matawi nchi nyingi hupanga kupunguza watu mbali na kiwanda chenyewe. Bodi hukaa London au Johannesburg, hukata idadi, kisha meneja wa Dar es Salaam huletewa orodha akaambiwa "fanya mashauriano". Hapo ndipo kampuni hizi huteleza, kwa sababu kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka taarifa itolewe mara tu wazo la kupunguza linapoanza kufikiriwa. Kushauriana baada ya uamuzi ni kutangaza, hata vikao vikiwa saba. (Namba za vifungu hapa ni za sheria ilivyotungwa 2004. Ukitumia toleo lililorekebishwa, angalia kama zimesogea.)

Siku taarifa ikifika, kamati ya tawi la chama cha wafanyakazi iandike barua kabla ya kukaa kikao chochote. Barua iombe mambo manne: sababu za kupunguza pamoja na hesabu zinazoziunga mkono, tarehe ambayo uamuzi ulifikiriwa na nani aliufikiria, nafasi zinazoguswa, na jina la mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha mpango. Hilo la mwisho ndilo kiini. Meneja akijibu kwamba yeye ni mjumbe tu, ombeni jibu hilo kwa maandishi. Mwongozo wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) kwa kampuni za kimataifa nao unataka wawakilishi wa wafanyakazi wakae na viongozi wenye uwezo wa kuamua, si tarishi. Hifadhini pia tangazo lolote la kampuni mama kwa wanahisa au vyombo vya habari, pamoja na tarehe yake. Tangazo lililotangulia kikao cha kwanza ni ushahidi mzito, na mzigo wa kuthibitisha kwamba usitishaji ulikuwa wa haki, kwa kifungu cha 39, ni wa mwajiri.

Mashauriano yenyewe yana mada tano: sababu, njia za kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya kuchagua wanaoondoka, wakati wa kuondoka, na malipo. Msikubali kuruka ya pili. Lete mapendekezo yenye namba: kusitisha ajira mpya, kupunguza zamu, kuhamisha watu kwenye idara nyingine. Kwenye vigezo, "aliyeingia mwisho atoke kwanza" kinakubalika, lakini mwajiri anaruhusiwa kubakisha ujuzi maalumu. Kinacholeta kesi ni alama za utendaji zilizopangwa wiki moja kabla ya orodha kutoka. Kila kikao kiwe na muhtasari uliosainiwa na pande zote mbili. Karatasi ya mahudhurio pekee haitoshi, maana mara nyingi ndiyo hugeuzwa kuwa "ushahidi wa makubaliano".

Mahali pasipo na chama, wafanyakazi wenyewe wana haki ya kushauriwa moja kwa moja. Kutokuwa na tawi la chama kama TUICO au TAMICO si ruhusa ya kuwatumia watu barua pepe za kuwaaga.

Mkikosa kukubaliana, shauri linakwenda kwenye usuluhishi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Sasa fedha. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na ni lazima uwe umefanya kazi mfululizo angalau miezi 12. Kosa la kawaida liko kwenye mshahara wa siku. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa siku unazofanya kazi kwa wiki. Mwenye 780,000 na wiki ya siku 6 anapata 30,000 kwa siku; akiwa na miaka 14 kazini, ni 30,000 × 7 × 10, yaani 2,100,000. Kompyuta ya makao makuu ikigawa kwa 30, inatoa 1,820,000. Hiki ni kiwango cha chini tu: mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri ukitoa zaidi, huo ndio unaotumika. Ongeza notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), likizo isiyotumika, na nauli na usafirishaji wa mizigo kama uliajiriwa mahali pengine. Dai pia cheti cha utumishi.

Mitego miwili. Ukipewa kazi nyingine, hata kwa wakala mpya wa kampuni, ukaikataa bila sababu ya msingi, unapoteza kiinua mgongo. Kwa hiyo andika sababu zako, mfano mshahara mdogo au kituo cha mbali. Na usisaini "makubaliano ya kuachana kwa hiari" kwa haraka ya cheki, kwani ukishasaini, ni vigumu sana kusema baadaye kwamba ulipunguzwa.

Ukiachishwa, una siku 30 tu za kufungua mgogoro CMA kwa Fomu Na. 1. Jaza na Sehemu B, ya migogoro ya kuachishwa, na mpe mwajiri nakala, ukibaki na uthibitisho wa kupokelewa. Jina la mlalamikiwa liwe la kampuni iliyosajiliwa hapa, kama lilivyo kwenye mkataba au stakabadhi ya mshahara, si jina la nembo ya dunia nzima. Tuzo (uamuzi wa CMA) dhidi ya jina lisilosajiliwa haikaziki. BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, watakuonyesha jina sahihi.

Ipo njia ya pembeni kama kampuni mama iko nchi inayofuata mwongozo wa OECD, mfano Uingereza au Ufaransa: chama kinaweza kulalamika kwa ofisi maalumu ya nchi hiyo, kwa kuwa Tanzania haimo. Ofisi hiyo haitoi fidia wala kurudisha mtu kazini. Inachoweza ni kuwaita wakubwa mezani. Kwa kampuni mama ya China au Afrika Kusini njia hii haipo, na malalamiko huko hayasimamishi siku 30 za CMA.