Jinsi ya kuvusha vitunguu Namanga kwa mlango wa mbele

Binti wa dada yangu amemaliza chuo, na badala ya kukaa kusubiri ajira anataka kuanza na kirikuu kimoja (kigari kidogo cha mizigo) cha vitunguu vya Mang'ola, bonde la Eyasi, auze Nairobi. Amenipigia simu mara nne wiki hii: "Mama mdogo, nianzie wapi?" Simu haitoshi kwa jambo hili. Namwandikia hapa, na mwingine mwenye nia kama yake asome pia. Mimi navusha vitunguu Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, tangu mwaka 2007.

Mwanangu, kabla hujauliza bei ya gunia, ujue unapita katikati ya nchi mbili zinazopendana na kununiana kama ndugu wa mama mmoja. Bibi yako alikuwa akipeleka maharage ng'ambo enzi za Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967. Februari 1977 mpaka ukafungwa upande wetu. Jumuiya ilikuwa inavunjika, wakubwa wanagombea ndege, reli na madeni, na bibi yako ana fedha zake kwa wateja wawili wa Kajiado, huko Kenya. Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983, Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha na kumaliza suala la kugawana mali, baada ya Victor Umbricht wa Uswisi kuwapatanisha kwa miaka. Bibi yako alivuka mwezi uliofuata. Wale wateja wawili hakuwapata tena.

Ndiyo maana nakusumbua na habari za mikataba. Mkataba wa Jumuiya hii tunaovukia leo ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kufanya kazi Julai 2000. Umoja wa Forodha ukafuata Januari 2005, na huo ndio unaokulisha: zao lililolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki halitozwi ushuru wa forodha likivuka. Lakini lazima uoneshe kwamba limelimwa kwetu. Ofisa hawezi kujua kwa kukitazama kitunguu kwamba kimetoka bonde la Eyasi.

Sasa karatasi. Nazipanga kwa utaratibu ninaozitafuta, kwa sababu ukianza na ya mwisho utarudi Arusha mikono mitupu.

Leseni ya biashara na namba ya mlipakodi uwe nazo kabla ya yote. Kisha mtafute mnunuzi wako wa Nairobi, mkubaliane, na umwambie aombe kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya. Hilo ni jukumu lake, wewe huwezi kumwombea. Wageni wengi wa kazi hii hupakia kwanza halafu ndipo wampigie mnunuzi. Akikutumia nakala ya kibali, wewe sasa unashughulikia vya huku: kibali cha kutoa mazao nje kutoka Wizara ya Kilimo, na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, ambao watataka kuukagua mzigo wenyewe. Wapelekee vitunguu vilivyokauka shingo, vimechambuliwa, havina udongo. Na usijaze lumbesa, gunia la kupita kipimo. Imekatazwa, na tena inakuumbua kwenye mizani pale uzito ulioandika unapokataa kulingana na ule unaosomeka.

Mwaka wangu wa pili nilipuuza cheti hicho cha afya ya mimea. Dereva aliniambia "tutaongea hukohuko", nikamwamini. Tulilala Namanga siku mbili, magunia yamefunikwa turubai jua kali, na nilipofungua la kwanza harufu ilinijibu kabla sijaingiza mkono. Magunia manne niliyamwaga. Hakuna mtu wa kumlaumu hapo, sheria ilikuwepo na mimi sikuifuata.

Karatasi inayompendelea mtu mdogo kama wewe ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Mzigo wako usipozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa kwenye orodha ya pamoja ya nchi hizi mbili, forodha wanakupa cheti hicho palepale mpakani. Huhitaji kukikimbilia mjini siku tatu kabla, na cheti chenyewe hakiuzwi. Akitokea mtu nje ya geti anakuambia fomu ni kiasi fulani, mpite. Ingia ndani ulizia dawati la taarifa la wafanyabiashara wadogo, uoneshwe orodha, ujaze fomu kwa mkono wako. Mzigo wa watu watatu kwenye gari moja unaruhusiwa, kila mmoja na cheti chake na magunia yake yenye alama. Ila mzigo wako mmoja usiugawe kwa majina ya wadogo zako ili uonekane mdogo. Maofisa wa pale wameona mbinu hiyo kabla hujazaliwa. Ukizidi kiwango, chukua wakala wa forodha na cheti kamili, basi.

Kuondolewa ushuru wa forodha hakumaanishi kwamba hutalipa chochote. Kuna gharama za ukaguzi, za vibali, za halmashauri unakonunulia. Ziandike zote kabla ya kupanga bei, na kila shilingi unayotoa idai risiti.

Kwa upande wako mwenyewe: pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, peke yake hakikuvushi. Utasikia Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwa vitambulisho. Hayo ni makubaliano yao wao kwa wao, sisi hatumo. Halafu kuna kadi mbili za njano ambazo watu huzichanganya kila siku: moja ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni ya mwili wako na utaulizwa wakati wa kurudi, nyingine ni bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo ni ya gari. Dereva akikujibu "kadi ya njano ninayo", muulize ipi.

Ukifika Namanga usisimame upande wetu ukitafuta dirisha la kutokea. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kenyatta tarehe 1 Desemba 2018, anayetoka Tanzania anavuka kwanza, halafu anahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili ndani ya jengo la upande wa Kenya. Wa kwetu wanakugongea muhuri wa kutoka, hatua chache mbele wa Kenya wanakugongea wa kuingia. Zamani nilifungua makabrasha yaleyale mara mbili, jengo hili na lile, na gari likisubiri katikati. Mimi nilisimama kwenye umati siku ile ya uzinduzi, na nilifurahi kweli.

Salimia vizuri. Kwa mzee toa shikamoo hata kama kwao haijazoeleka, atakuitikia kwa moyo. Jibu unachoulizwa, toa karatasi kwa mpangilio, usibishane kwa sauti.

Hapa sasa ndipo nataka ukae chini usikilize. Karatasi zote zinaweza kuwa sawa na bado mpaka ukakukataa, kwa sababu huko juu watu wamekosana. Mwaka 2017 serikali yetu ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya, na baadaye ikateketeza vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kupitia hapahapa Namanga. Mei 2020, wakati wa korona, malori yalipanga foleni ndefu kwa ubishi wa vipimo vya madereva, na Agosti ile Kenya Airways ikazuiwa kutua kwetu. Machi 2021 Kenya ikasimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti: muagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mimi sikuwa na mahindi, nilikuwa na vitunguu, lakini nilikaa na akina mama waliokuwa nayo. Mwenzangu mmoja aliuza gunia kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia, ili tu apate nauli.

Mwezi Mei mwaka huohuo Rais Samia alikwenda Nairobi, akahutubia Bunge lao, na marais wote wawili wakawaagiza mawaziri wa biashara wakae wamalize vikwazo. Rais Ruto alipokuja Dar es Salaam Oktoba 2022, tuliambiwa kwamba kati ya vikwazo 68 vilivyoorodheshwa, 54 vimeondolewa. Wengine husikia ziara za viongozi wakabadilisha stesheni. Mimi naongeza sauti, maana baada ya ziara kama hizo foleni hubadilika.

Kwa hiyo fuatilia majira. Kukiwa na njaa upande mmoja, tegemea zuio la kutoa chakula upande mwingine. Bajeti zinasomwa Juni na tozo mpya zinaanza Julai 1, basi usifunge mkataba wa bei wa miezi mitatu mwezi Mei. Likitangazwa zuio, usipakie kwa tumaini kwamba litaondoka kesho. Mwambie mkulima akuhifadhie ghalani, umlipe kidogo. Na njia ya panya usiiguse. Anayekamatwa huko hapotezi gunia tu, anapoteza na gari la watu.

Jambo jipya ulijue pia. Tangu Julai 2025 agizo la serikali yetu linakataza wasio raia kufanya biashara 15, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Wanunuzi wa Nairobi waliozoea kufika Mang'ola na kusimama kwenye tuta wenyewe, sasa wananunua kupitia kwetu. Kwako wewe ni nafasi, siwezi kukuficha. Lakini wenzetu wameumia, na Kenya imelalamika kwamba agizo haliendani na Soko la Pamoja la Jumuiya lililoanza mwaka 2010. Mimi naona wana hoja. Mteja wangu wa soko la Marikiti, Nairobi, alinikopesha fedha za mbegu mwaka niliofiwa na mume wangu, sitaki siku moja afungiwe mlango na mimi nifungiwe wa kwake. Mtendee haki: mpigie picha za mzigo, mpimie mbele ya simu, bei ya shambani umwambie ileile.

Ukikwama, usilie kimya mpakani. Andika tarehe, saa, karatasi uliyodaiwa na aliyekudai ni wa ofisi gani. Peleka kwenye dawati la taarifa, na uingize kwenye mfumo wa pamoja wa Jumuiya yetu (EAC), COMESA na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiforodha, tradebarriers.org. Kikishaingia huko kinapelekwa kwa nchi inayolalamikiwa nayo inatakiwa kujibu. Mimi niliwahi kudaiwa tozo ambayo hata aliyeidai hakuweza kunionesha ilipoandikwa. Nikaomba risiti, hakuwa nayo. Nikaandika. Ilichukua miezi, nikaja kupigiwa simu, na tangu hapo sijaidaiwa tena.

Kila safari ninayo ndani ya daftari: cheti, kiasi, bei ya soko, jina la dereva, siku tuliyovuka na saa tuliyotoka. Madaftari sasa ni kumi na moja, yako kabatini. Njoo Jumamosi uanze kuyapitia, na uje na pasipoti yako tuangalie inaisha lini.